Lundo la Kasese, Marudio ya Kilembe

Maji ya Mto Nduruma hayakuharibiwa na mgodi wowote. Mto unatoka ubavu wa kusini wa Mlima Meru, unapita kwenye migomba na kahawa, unaifikia tambarare ya Nduruma yenye mahindi, mboga na mashamba ya maua, kisha unajimwaga Kikuletwa kuelekea Nyumba ya Mungu. Floraidi iliyomo katika chemchemi na visima vya ukanda huu imetoka kwenye mwamba wa volkano wenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiwango cha juu zaidi ya hapo, maana vijijini hapakuwa na maji mengine, na si zamani sana kiwango cha taifa kiliposhushwa kulingana na cha dunia. Meno ya kahawia ya watu wa Arumeru yana umri mkubwa kuliko serikali yoyote iliyopata kututawala, na hakuna wa kumpeleka mahakamani. Utamshitaki Meru?

Nayataja haya ili msomaji wa huku asiisome habari ya Kilembe kama habari ya mbali. Kilembe iko magharibi mwa Uganda, kwenye miguu ya milima ya Rwenzori, karibu na mpaka wa Kongo. Huko nako watu wanaishi na maji yanayong'aa machoni huku yamebeba madini yasiyoonekana. Tofauti ni kwamba ya kule yana tarehe. Yana majina ya kampuni, yana mikataba, yana mizani ya tani ngapi zilichimbwa na ngapi zikatupwa. Na tena kule usafi uliwahi kufanyika kweli: sehemu moja ya uchafu wa mgodi ilioshwa kwa ufundi wa hali ya juu, na sehemu nyingine, kubwa zaidi, ikaachiwa mto. Kwa nini hii na si ile, ndiyo historia yenyewe.

Bonde la Kilembe ni jembamba, na Mto Nyamwamba unalikata katikati. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipanda vilele vya Rwenzori akiwa na wapagazi wengi na mwanajiolojia wake, Alessandro Roccati, na habari za shaba katika milima hiyo huanzia kwenye msafara ule. Miaka ya 1920 ikaja kampuni iliyoitwa Tanganyika Concessions. Jina lisikudanganye, utajiri wake ulikuwa Katanga, na mwanzilishi wake, Robert Williams, aliijua shaba kuliko alivyoijua Tanganyika. Wakachimba mahandaki ya utafiti, wakapima, kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukashusha bei na wao wakafunga virago. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa bei ya soko la mbali kuamua kitakachotokea Kilembe. Haikuwa ya mwisho.

Mwaka 1950 ikaundwa Kilembe Mines Limited, yenye mitaji ya Kanada na Uingereza pamoja na mkono wa serikali ya kikoloni. Baadaye Falconbridge ya Kanada ndiyo ikawa mwenye sauti. Shaba haichimbwi kwa sururu na baraka tu. Ilihitaji umeme mwingi wa kuyeyushia, na bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa Jinja mwaka 1954. Ilihitaji reli, na mwaka 1956 reli kutoka Kampala ikafika Kasese, zaidi ya kilomita 300 za vinamasi na vilima. Mwaka huohuo mgodi ukaanza kutoa. Makinikia, kama yale yaliyozua zogo bandarini Dar es Salaam mwaka 2017, yalipakiwa Kasese, yakayeyushwa Jinja, na shaba ikateremka hadi Mombasa. Katika miaka ya 1960 Uganda ilihesabu mauzo yake ya nje hivi: kahawa, pamba, shaba.

Kwenye bonde kukaota mji. Nyumba za wafanyakazi zilijipanga Bulembia, Kyanjuki na kwingineko kandokando ya mto, kukawa na shule, na hospitali ya mgodi iliyokuja kutegemewa na wilaya nzima. Wenyeji ni Wakonzo, watu wa mlimani, ambao katika miaka hiyohiyo walikuwa kwenye mapambano yao ya Rwenzururu dhidi ya utawala wa Toro. Wazee wa Kilembe hadi leo huuzungumzia mji ule kwa fahari: taa zilizowaka usiku kucha, mshahara uliolipwa kwa siku yake. Sioni sababu ya kuwakatalia. Mgodi ulikuwa maisha ya watu kabla haujawa tatizo la watu.

Sasa tuingie kiwandani, maana uchafu wote ulizaliwa hapo. Mawe ya Kilembe yalikuwa na shaba isiyofika asilimia 2. Ukichukua kilo 100 za jiwe, shaba ni chini ya kilo 2. Zilizobaki ni mwamba mtupu. Jiwe lilipondwa, likasagwa hadi likawa unga laini, likachanganywa na maji na kemikali kidogo, kisha hewa ikapulizwa kutoka chini. Punje zenye shaba hushikamana na mapovu na kuelea juu. Hizo hukwanguliwa, na ndizo makinikia. Zinazozama ni mabaki. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanayaita marudio, wakijua kwamba ndani yake bado kuna kitu na iko siku mtu atarudi kuyaosha upya.

Kwa muda wote wa uhai wake mgodi ulichimba mawe yapatayo tani milioni 16 na kutoa shaba tani 217,000 hivi. Hesabu iliyobaki kila mtu anaweza kuifanya. Sehemu kubwa ya unga ule ilimwagwa palepale bondeni, ikarundikwa kwenye matuta kando ya Nyamwamba, kwa sababu bonde halikuwa na mahali pengine tambarare. Mto wa mlimani, wenye chanzo chake kule juu penye baridi na mvua za kila mara, ukapewa ujirani wa mamilioni ya tani za mchanga laini wenye shaba, kobalti, nikeli na zinki ya masalia.

Palikuwa na mabaki ya aina ya pili, na haya yanataka uangalifu wa msomaji. Mwamba wa Kilembe ulikuwa pia na pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano iliyowahi kuwapumbaza wengi wakidhani ni dhahabu. Ndani ya pairaiti ya Kilembe mlijificha kobalti. Kampuni iliitenganisha na shaba, ikapata makinikia yenye kobalti kama asilimia 1.4, lakini njia ya kuitoa kwa faida haikuwapo. Hawakuitupa. Waliyasafirisha makinikia hayo hadi tambarare ya Kasese, nje kidogo ya mji, wakayalundika wakingoja siku ya bei nzuri. Lundo likafika tani milioni 1 hivi. Halikuwa na paa, na chini yake hakuna kilichotandikwa.

Pairaiti ikikaa ndani ya mwamba haina neno. Ikisagwa na kuwekwa juani na mvuani, oksijeni na maji huanza kuila, na zao lake ni asidi ya salfuriki, ileile iliyomo kwenye betri ya gari. Kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo. Hawahitaji mwanga wala mboji. Chakula chao ni chuma na salfa, na kadiri asidi inavyokuwa kali ndivyo wanavyostawi. Bila wao kazi ingechukua muda mrefu mno. Kwa msaada wao, kila mvua iliyonyesha juu ya lundo la Kasese ilitoka chini yake ikiwa asidi iliyoyeyusha shaba, kobalti na chuma, ikateremka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na mbele ya hifadhi ni Ziwa George.

Mganda Eric Edroma alilichunguza jambo hili mapema. Mwaka 1974 alichapisha katika jarida la ikolojia la Uingereza utafiti wake kuhusu uchafuzi wa shaba ndani ya hifadhi, ambayo enzi za Idi Amin iliitwa Rwenzori. Alionyesha namna majimaji kutoka upande wa Kasese yalivyoua nyasi na miti na kuacha ardhi tupu mahali ambapo swala aina ya kob na nyati walipaswa kupata malisho. Tuangalie tarehe. Mgodi ulikuwa bado unafanya kazi. Hakuna anayeweza kusema kwamba Kilembe ilichafua bila kujua, na kwamba elimu ilikuja baada ya kufungwa. Elimu ilikuwapo, imeandikwa na mwana wa nchi, na reli ikaendelea kubeba shaba.

Kilichoufunga mgodi kilikuwa siasa na fedha. Amin alitwaa madaraka 1971, mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, vipuri vikaadimika, wataalamu wakaondoka, na Falconbridge nayo ikajitoa, serikali ikabaki na mgodi mikononi. Uzalishaji ukazorota mwaka hata mwaka. Ikaja vita ya 1979, kisha vurugu za baada ya vita, na kufikia 1982 uchimbaji ulikuwa umekoma. Kampuni haikufa kwa jina. Ilibaki kulinda mahandaki, nyumba na mtambo wake mdogo wa umeme kwenye Mto Mubuku. Lakini hapakuwa na mpango wa kufunga mgodi kwa maana tunayoijua leo: hakuna aliyeyafunika marudio kwa udongo, hakuna aliyejenga kingo za mto, na hapakuwa na shilingi iliyowekwa pembeni kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Mgodi uliachwa kama duka ambalo mwenyewe ametoroka usiku.

Ziwa George halina kina. Wastani wake ni mita mbili na kitu, maji ya kijani yenye sato, viboko na ndege wengi. Mwaka 1988 Uganda ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, eneo la kwanza ililoliandikisha lilikuwa Ziwa George. Watafiti waliokuja kupima tope la ziwa na mafunjo ya pembeni katika miaka ya 1990 na 2000 walikuta shaba na kobalti za Kilembe zimeshafika. Mafunjo yalikuwa yanafanya kazi ambayo hayakuajiriwa kuifanya: kuzuia madini kwenye mizizi na tope kabla hayajaingia ziwani. Wavuvi wa Hamukungu na Kasenyi walikuwa wanakula samaki kwa hisani ya kinamasi.

Ndipo soko likabadilika. Kobalti ilipanda thamani, kwa injini za ndege na baadaye kwa betri, na lile lundo la Kasese likaonekana upya. Mwaka 1992 ikaundwa Kasese Cobalt Company, ubia wa Kilembe Mines na wawekezaji wa nje, Wafaransa na Wakanada, na utafiti ukafanywa na taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, BRGM. Wafaransa walileta wazo ambalo kwa mtu aliyelisoma lundo lile vizuri ni la kuchekesha na la akili kwa pamoja: wale bakteria walioitesa hifadhi kwa miaka 30 wapewe kazi rasmi. Wafungiwe kwenye matangi, walishwe pairaiti kwa mpangilio, asidi na kobalti watakayozalisha ikusanywe isimwagike. Mtambo uliotokana nalo ulikuwa miongoni mwa mitambo ya mwanzo duniani kuvuna kobalti kwa njia hiyo.

Mtambo ulianza kazi 1999. Kilichotolewa lundoni kilisagwa tena na kuchanganywa na maji hadi kikawa uji wa kijivu, kikaingizwa kwenye matangi makubwa ya chuma kisichoshika kutu, kila moja likiwa na ujazo wa zaidi ya mita za ujazo 1,300. Pangaboi kubwa zilikoroga mchana na usiku ili uji usitulie, na mashine zikapuliza hewa kutoka chini, kwa kuwa bakteria hawa ni wa hewa; wakikosa oksijeni wanakufa. Waliongezewa naitrojeni na fosfeti, yaani mbolea, vilevile anavyofanya mkulima wa nyanya wa Nduruma. Joto lililotakiwa ni nyuzi 42 hivi, na shida haikuwa kupasha bali kupoza: pairaiti inapoliwa hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo maji baridi yalizungushwa kwenye mabomba ndani ya matangi, vinginevyo bakteria wangeiva. Uji ulihama tangi hadi tangi kwa siku kama sita. Mwishoni pairaiti ilikuwa imevunjika na kobalti imeyeyuka kwenye asidi.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kutenganisha. Unga wa mawe ya chokaa ulitiwa kuikata asidi na kuzamisha chuma. Shaba na zinki zikaondolewa. Kimiminika kilichobaki kikapitishwa umeme, na kobalti ikajijenga taratibu juu ya mabamba, nyeupe ya kijivu, safi kiasi cha kwenda soko la dunia. Umeme ulitoka kwenye mtambo ambao kampuni ilijijengea kwenye Mto Mubuku. Kila tani iliyoingia matangini ilikuwa tani iliyoondoka juani na mvuani.

Mabaki ya mtambo nayo yalihitaji mahali: tope la chuma na jasi, lililotulizwa kwa chokaa, likahifadhiwa kwenye mabwawa yaliyojengwa kwa kazi hiyo. Uchafu haukufutika, ulibadilishwa hali, ukawa mtulivu zaidi. Mtu wa Arumeru anayajua haya kwa mkaa wa mifupa, ule uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe inachomwa, maji yanapitishwa humo, floraidi inanaswa. Lakini ipo siku mkaa unashiba, na ukishiba huna budi kuuhuisha upya au kuutafutia pa kuuzika. Anayeuza chujio hasemi sana habari za siku hiyo.

Usafi wa Kasese ulikuwa na bwana mwingine zaidi ya mazingira, na alijitokeza mapema. Mwaka 2002 bei ya kobalti ilikuwa imeporomoka hadi kama theluthi ya ile ya 1998. Mtambo ukazimwa. Lundo, au kilichobaki, kikarudi kwenye mvua. Mwaka 2004 bei ilipoinuka, matangi yakawashwa tena, na kazi ikaendelea hadi mwaka 2013 hivi, pairaiti ilipokwisha. Hifadhi haikuwa na kiti katika uamuzi wa kuzima wala wa kuwasha. Bei ndiyo iliyoamua. Hata hivyo ukweli usemwe: lundo la tani milioni moja lililokuwa likitoa asidi mchana na usiku liliondolewa, na sijui serikali yoyote ya Afrika Mashariki iliyowahi kuondoa linalofanana nalo kwa fedha za bajeti yake.

Tupande tena bondeni, kwenye yale marudio ambayo hayakuwa na kobalti ya kutosha kumvuta mtu. Tatizo lao kubwa ni kubebwa. Kila msimu wa mvua Nyamwamba ilikuwa inakula miguu ya matuta na kuteremsha mchanga ule kuelekea Kasese mjini, kwenye mashamba, hadi hifadhini. Watafiti wa Uganda na wenzao wa Uingereza walipochukua sampuli za udongo, maji na chakula katika miaka ya 2010, waliikuta shaba na kobalti kwenye bustani za watu, kwenye mboga za majani na kwenye baadhi ya vyanzo vya maji ya kunywa. Katika baadhi ya maeneo ya makazi bustani zimelimwa juu ya marudio yenyewe. Udongo ule ni laini, unalimika kwa urahisi, na ardhi ya tambarare ndani ya Kilembe haitoshi. Mama anayepanda mchicha pale hajakosea hesabu. Hana shamba lingine.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mwaka mmoja nyuma yake, mwanzoni mwa 2012, moto ulikuwa umeteketeza uoto wa juu mlimani kwenye vyanzo vya Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ikanyesha juu ya mlima ulioungua. Mto ulishuka ukiwa na mawe makubwa kama nyumba, magogo na tope, ukavunja madaraja, ukaingia hospitali ya Kilembe, ukabomoa nyumba za wafanyakazi wa zamani, ukaua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Mwaka uliofuata, tena mwezi Mei, ukarudi. Watu walihesabu vifo na nyumba, kama inavyostahili. Wachache walihesabu marudio. Yale matuta yaliyoachwa kingoni mwaka 1982 yalikatwa na maji, na kilichokatwa kilipelekwa chini. Katika muda wa saa chache mto ulihamisha mzigo ambao hakuna wizara iliyokuwa imepata fedha za kuuhamisha, ila uliupeleka palepale usipotakiwa.

Ekskaveta ziliingizwa mtoni kuondoa mawe na kuunyoosha mkondo, na sehemu kadhaa zikawekwa kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya. Hizo kuta zinasaidia mahali zilipo. Lakini mto unaobeba mawe ya ukubwa ule hujaza upya mkondo wake kila mvua kubwa, na fedha za kuuchimbua hupatikana baada ya maafa, si kabla. Mei 2020 Nyamwamba na mito mingine ya Rwenzori ilivunja kingo tena. Safari hii hospitali iliharibiwa kiasi kwamba wagonjwa waliokolewa na huduma ikahamishiwa mjini Kasese.

Katikati ya mafuriko hayo yalifanyika majadiliano ya mgodi wenyewe. Mwaka 2013, mwaka uleule wa mafuriko ya kwanza, serikali ya Uganda iliikabidhi Kilembe kampuni ya Kichina, Tibet Hima, kwa miaka 25, ili ifufue uchimbaji wa shaba. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa, serikali ikisema mwekezaji hakutimiza aliyoahidi. Kwa miaka iliyofuata Kilembe ilikuwa kwenye orodha ya miradi iliyotafutiwa mtu, huku shaba na kobalti zikizidi kutafutwa kwa magari ya umeme. Nadhani shaba hiyo itachimbwa tena. Swali la kumuuliza mwekezaji yeyote, kabla ya lile la ajira, ni matuta ya kingoni yameandikwa upande gani wa mkataba wake: mali, au mzigo. Yakiandikwa mali atayaosha kwa ajili ya shaba iliyobaki, na huenda akaishia njiani kama Kasese ilivyoishia 2002. Yakiwa mzigo, lazima pawe na fedha zilizowekwa benki kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa.

Kwetu Tanzania sheria inalijua jambo hili. Sheria ya Madini ya 2010 inataka mwenye leseni kubwa awe na mpango wa kufunga mgodi na aweke dhamana ya ukarabati wa mazingira, ili akiondoka au akifilisika kazi isibaki kwa kijiji. Mgodi wa Golden Pride kule Nzega, uliofungwa 2014, ulifungwa kwa mpango: matuta yalisawazishwa, yakapandwa miti, eneo likakabidhiwa serikali. Si kwamba Nzega hawana malalamiko. Shimo lipo na ajira zimekwenda. Lakini ukiweka Nzega pembeni ya Buhemba, mkoani Mara, ambako dhahabu ilichimbwa tangu ukoloni, ikaachwa 1970, ikarudiwa miaka ya 2000 na kuachwa tena, utaona sheria imeanza kufanya kazi kwa migodi mipya tu. Ile ya zamani haikuweka dhamana. Buhemba ilirudishwa mikononi mwa shirika la madini la taifa, STAMICO, na marudio yake ya zamani yakahesabiwa kama rasilimali inayoweza kuoshwa upya. Pale Mpanda, ambako reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi uliofungwa 1960, watu wengi wanaopanda treni hawajui hata kwamba mgodi ulikuwapo.

Kitaalamu, kazi ya Nyamwamba haina siri. Matuta yaliyo karibu sana na maji yahamishwe juu ya alama ya mafuriko, au miguu yake ijengewe ukuta wa mawe mazito uliozama chini ya kitako cha mto. Yatakayobaki yafunikwe kwa udongo wa kutosha na kupandwa nyasi zinazovumilia shaba, ili upepo na mvua visiyaguse. Familia zinazolima juu ya marudio zipewe ardhi nyingine, na hapo ndipo gharama ilipo kubwa kuliko saruji na mawe. Chokaa ya kuikata asidi ipo wilayani humohumo, upande wa Hima penye kiwanda cha saruji. Mafunjo ya Ziwa George yalindwe yasikatwe wala kuchomwa kwa mashamba, maana tope lililonaswa humo tangu miaka ya 1950 litaachiwa ziwani siku mizizi itakapokauka. Katika orodha hii, zilizoanza ni kuta za mawe na nyavu, nazo zimewekwa zaidi kwenye madaraja na karibu na mji wa Kasese. Juu zaidi, Kilembe kwenyewe, matuta mengi bado yanatazamana na mto.